Wasiwasi na Mafunzo ya Tabibu Wake

Somo letu la leo ni juu ya maradhi ambayo hakuna msikiti katika pwani yetu usiokuwa na mtu wa kuyatolea mfano, ingawa ni wachache wenye kuyaita maradhi. Mtu huja birikani kabla ya adhana, akachota maji, akaosha mkono mara tatu, kisha akaingiwa na shaka kwamba maji hayakufika kwenye kiwiko, akaanza tena. Wenzake huja, wakatawadha, wakaswali, wakatoka, naye yu pale pale na kata mkononi. Mwingine huushinda udhu, lakini nia ikamshinda: husema "Allahu Akbar", akaona nia haikukutana na takbiri, akaikata swala, akarudia, hata imamu akarukuu naye hajahirimia. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi twaijua sana balaa hii, kwani mafakihi wetu ndio waliotilia mkazo kwamba nia iandamane na takbiri, na ndio hao hao waliowakemea wenye kupindukia mpaka. Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, babake Imamul-Haramayn, aliyekufa mwaka 438 wa Hijra, alitunga risala nzima juu ya wasiwasi.

Watu humtazama mtu huyu kwa macho mbalimbali. Wako wamstahio, wakisema ni mcha Mungu sana. Wako wamchekao. Wako wadaio kuwa amepagawa, wakampeleka akanyweshwa kombe na kufukizwa ubani, akarudi nyumbani na wasiwasi ule ule pamoja na deni. Naye mwenyewe, maskini, hudhani imani yake imeharibika. Kama wangalimuuliza, wangalijua kwamba yeye ndiye wa kwanza kuona kuwa afanyalo halina maana, ila hawezi kuliacha.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Katika maneno yetu ya kila siku, wasiwasi ni hofu yoyote: mtoto amechelewa kurudi chuoni, mama ana wasiwasi. Haya tunayoyasema ni mengine. Madaktari wa nchi za Kiarabu huyaita waswas qahri, yaani wasiwasi wa kulazimisha, nayo yana mambo mawili yaliyoshikamana. La kwanza ni wazo lisilotakiwa, linalomvamia mtu na kumtia dhiki. La pili ni kitendo ambacho hujiona hana budi kukifanya ili dhiki hiyo itulie: kuosha, kurudia, kuhesabu, kukagua, kuuliza. Akishakifanya hupata raha kidogo, na raha hiyo ndiyo mtego, kwani moyo hujifunza kwamba bila ya kuosha hakuna salama, na kesho hutaka zaidi. Wala si mambo ya ibada tu. Yuko anayerudi mara saba kutazama kufuli la duka. Yuko mama mchanga anayejiwa na picha ya kisu na mwanawe, akaficha visu vyote vya jikoni na kukataa kubaki peke yake na mtoto. Wataalamu wakadiria kwamba katika watu 100, wawili hivi hupatwa na maradhi haya katika umri wao, katika kila dini na kila taifa.

Wala wazee wetu katika Uislamu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 ya Miladi, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, na ndani yake akauwekea wasiwasi mlango wake peke yake, mbali na hasira, mbali na huzuni, mbali na hofu. Na katika hadithi sahihi masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba hupata nafsini mwao mambo wasiyoweza hata kuyatamka kwa ubaya wake, naye hakuwatia ukafirini, alizihesabu karaha na hofu yao hiyo kuwa ndiyo dalili ya imani iliyo wazi. Hadithi hii tutairudia, kwani ndani yake mna jambo ambalo tabibu wa leo akilikosa humdhuru mgonjwa wake.

Sasa tuje kwenye matibabu. Mwaka 1966, katika hospitali ya Middlesex mjini London, mwanasaikolojia aitwaye Victor Meyer alitoa habari za wagonjwa wawili waliokuwa wamekwisha kukatiwa tamaa. Hakujadiliana nao kama hofu zao ni za kweli au si za kweli. Aliwafanya walikabili lile waliogopalo, kisha wakazuiliwa wasifanye kile kitendo cha kujituliza. Dhiki ilipanda, ikasimama, na baadaye ikaanza kushuka yenyewe. Kutokana na kazi hiyo yakazaliwa matibabu ya kukabili na kujizuia, ambayo mpaka leo ndiyo yenye ushahidi mkubwa kuliko mengine yote ya maneno, pamoja na dawa za hospitali zinazofanya kazi juu ya kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Wengi wanaoyamaliza hupata nafuu kubwa. Lakini si haba wanaokataa kuyaanza, au wanaoyakimbia katikati, kwa kuwa kumwambia mtu "guza, wala usioshe" ni kama kumwambia aliyeogopa bahari ajitupe Kilindini.

Hapo ndipo wengine walipoigeukia njia nyingine, nayo ndiyo shabaha ya somo letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Marekani, tabibu wa mambo ya familia aitwaye Richard Schwartz alikuwa akiwatibu watu wenye maradhi ya kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Akawasikia wakisema: sehemu yangu moja yanitaka nile, nyingine yanitukana kwa kula, na nyingine yalia tu. Akaona kwamba mambo aliyozoea kuyaona katika nyumba, baina ya baba na mama na watoto, yamo vilevile ndani ya mtu mmoja. Akayajengea matibabu, na mwaka 1995 akayaeleza katika kitabu.

Msomaji wa Kiswahili hatalistaajabia hilo. Sisi twasema tangu zamani: moyo mmoja waniambia niende, moyo mwingine waniambia nikae. Hatuna maana kwamba kifuani mna mioyo miwili. Schwartz naye asema kwamba ndani ya mtu mna sehemu ambazo ni kama waliofungiwa chumba cha ndani, zilizobeba hofu na aibu za zamani; mna wasimamizi, wanaohangaika mchana kutwa ili mlango wa chumba hicho usifunguke; na mna wazima-moto, wanaokurupuka mlango ukifunguka, wakafanya lolote ili maumivu yazimike. Na nyuma ya hao wote yuko mwenye nyumba, ambaye sehemu zikimpa nafasi huwa mtulivu, mwenye huruma, mwenye kutaka kujua, wala si mwoga. Kazi ya tabibu si kuzifukuza sehemu. Ni kumsaidia mwenye nyumba azisikilize, na mwisho wao zimwachie uongozi.

(Wako waliofananisha sehemu hizi na nafsi ammara, lawwama na mutmainna. Sisi hatuoni haja. Qur'ani yazungumza juu ya mtu na Mola wake. Schwartz azungumza juu ya mtu na hofu zake. Na huyo "mwenye nyumba" twamchukua kama chombo cha kazi, wala hatuifanyi itikadi.)

Basi ndugu zetu, mkisikia haya mtaona yamewafaa wenye wasiwasi barabara. Huyo anayeosha mara kumi ana msimamizi mkali ndani yake. Na tuzungumze naye. Twasema: ndiyo, lakini kwa sharti. Njia hii mikononi mwa mtu asiyefundishwa maradhi yenyewe huweza kuongeza kuni motoni, na jambo hili wafundishaji wengi hulipita haraka mno.

Kosa la kwanza ndilo baya kuliko yote. Mwanafunzi aliyejifunza kwamba kila sauti ya ndani ni sehemu yenye haja yake, akiletewa yule mama wa kisu, atamuuliza kwa upole: "Ni sehemu gani yako itakayo kumdhuru mtoto?" Laiti angalijua amefanya nini! Mama yule hana sehemu itakayo kumdhuru mtoto. Wazo lile ni takataka iliyopita akilini, kama zinavyopita katika akili za mama wengi wasiojali. Kwake limekwama kwa sababu ampenda mwanawe kupita kiasi na lamtisha. Kwa swali lile tabibu ametia muhuri juu ya hofu yake. Atarudi nyumbani akisema, hata daktari ameiona. Hapa ndipo tulipoahidi kuirudia ile hadithi: lililotazamwa kwa masahaba halikuwa lile wazo ovu, ilikuwa ile karaha yao kwalo. Kadhalika tabibu asiliulize wazo. Aiulize sehemu iliyoliogopa wazo, iliyoficha visu, isiyolala usiku. Hiyo ndiyo yenye hadithi ya kusimulia.

Na lau mtu atatuuliza: Je, wasiwasi hutoka kwa Shetani, nasi tumeamrishwa kujikinga naye, vipi mwaturuhusu tukae tuusikilize? Jawabu limekwisha kupatikana katika maneno yaliyotangulia. Anayesikilizwa si mwenye kutia wasiwasi. Ni mja mwenye kuogopa. Na mja mwenye kuogopa ana haki ya kusikilizwa.

Kosa la pili ni la hila zaidi, kwani lafanana na matibabu. Mgonjwa husema: "Daktari, mikono yangu imetahirika au haikutahirika?" Mwanafunzi amekwisha kuambiwa asimjibu, kwa sababu jawabu ni kitendo cha kujituliza tu kilichofanywa kwa ulimi wa mwingine. Basi hasemi imetahirika. Husema: "Igeukie ile sehemu yenye hofu, uiambie: tulia, mikono imetahirika." Ati amefanya matibabu ya sehemu! Lile lile jawabu alilokatazwa kulitoa mlangoni amelipitisha dirishani. Mgonjwa atafurahi sana na kikao hicho, na akifika nyumbani atakuwa na kitendo kipya: baada ya kuosha mara kumi, ataituliza sehemu yake mara kumi. Tumempa udhu mwingine, tena wa moyoni, ambao hakuna mtu awezaye kumwona akiurudia.

Basi mazungumzo ya haki yawe namna gani? Tumkadirie mwanamke wa makamo, ambaye udhu wake mmoja humchukua saa nzima. Tabibu amwambia:

"Bi, tuiulize sehemu hii inayokuosha: yaogopa kutatokea nini siku ikiacha?"

"Yasema nitakutana na Mwenyezi Mungu na swala zangu zote zimerudishwa."

"Tangu lini imefanya ulinzi huu?"

"Tangu nilipokuwa chuoni. Nilichekwa mbele ya wenzangu, wakaambiwa huyu hajui kujitahirisha."

"Wewe hivi sasa, ukiitazama, wajihisije nayo?"

"Naionea huruma. Imechoka."

"Yaweza kusimama kando kidogo, si kuondoka, tukatawadha pamoja, kila kiungo mara tatu, tukafunga mfereji, na shaka ikija tukaiacha hapo hapo bila ya kuijibu?"

Msomaji aangalie neno la mwisho. Haikuahidiwa sehemu ile kwamba mikono imetahirika. Iliombwa tu imwamini mwenye nyumba kwamba aweza kuchukuliana na shaka. Kisha mfereji ulifungwa kweli, kwa mkono wa kweli, na dhiki ikapanda kama ilivyopanda kwa wagonjwa wa Meyer. Kumsikiliza msimamizi ndiko kulikomfikisha mgonjwa mferejini. Kukabili na kujizuia ndiko kulikofanya kazi pale mferejini. Tabibu ambaye vikao vyake vyote huishia katika mazungumzo matamu ya ndani, wala mfereji haukufungwa hata siku moja, hajaanza kutibu.

Twasema hivi kwa sababu ya ushahidi pia. Matibabu ya sehemu yamechunguzwa kidogo tu juu ya maradhi haya, na hayajapata uzito wa kukaa mahali pa yale ya kukabili na kujizuia. Anayeyauza kama badala yake asema asilokuwa na hoja nalo. Mahali pake, kwa maoni yetu, ni mlangoni: kwa yule anayekataa kuanza, kwa yule aliyekimbia, na kwa yule ambaye aibu yake ni nzito hata hawezi kulitamka wazo lake.

Kwa hiyo mwenye kufundisha matabibu na aanze na maradhi, si na sehemu. Mwanafunzi ajue kuvitambua vitendo visivyoonekana: kusoma istighfari moyoni kwa hesabu, kukumbuka tena na tena kama aliikanyaga najisi, kumtazama mke usoni ili ajue amekosea au hakukosea. Ajifunze kupima, kwa mfano kwa kipimo cha Yale-Brown cha mwaka 1989, chenye maswali 10 na hesabu inayotoka 0 mpaka 40, ili baada ya miezi mitatu asiseme "naona ameendelea" kwa kudhani tu. Na ajue ni nani wa kupelekwa kwa daktari wa dawa bila ya kukawia: asiyekula, asiyelala, anayesema afadhali kufa.

Baada ya hapo ndipo yaje mazoezi. Katika mafunzo ya njia ya Schwartz wanafunzi hukaa watatu watatu: mmoja ndiye tabibu, mmoja ndiye mgonjwa, mmoja ni mtazamaji, kisha wakabadilishana. Ni desturi njema, nasi twapendekeza kuiongezea jambo moja kwa ajili ya wasiwasi. Yule aliye mgonjwa aombe uhakika mara kumi katika dakika kumi, kwa kila njia: kwa machozi, kwa hasira, kwa kusifu, kwa kusema "hili tu, la mwisho". Mtazamaji ahesabu ni mara ngapi tabibu ameteleza akampa. Watu wataona ajabu. Wapole ndio watakaoteleza zaidi, kwani ndani ya tabibu naye mna msimamizi, asiyestahimili kuona mtu akilia mbele yake, na ambaye hutuliza ili atulie yeye. Mwanafunzi asiyemjua msimamizi wake huyo atawatibu watu miaka ishirini kwa kuwatuliza, nao watampenda, wala hawatapona.

Ama ngazi ya kukabili, kwa Muislamu, haifai ipangwe na mtu asiyejua udhu. Tumesikia matabibu wenye nia njema wakimwamuru mgonjwa aswali bila ya kutawadha, ati ndiyo dawa. Jambo hilo mgonjwa hatalifanya, na akilifanya atakuwa na sababu ya haki ya kujuta. Na wala haja haipo! Sheria yenyewe imemwekea ngazi. Faradhi ni kuosha kila kiungo mara moja. Mara tatu ni suna. Zaidi ya tatu ni makuruhu. Basi anayeosha mara kumi ashuke mpaka tano, kisha tatu, kisha, siku atakayoweza, aoshe mara moja tu na aingie kuswali huku moyo ukimpiga. Hakuvunja amri yoyote, na kujizuia amejizuia kweli. Vivyo hivyo anayeshuku kuwa udhu umemtoka ndani ya swala: hadithi imemwambia asiondoke mpaka asikie sauti au apate harufu, na mafakihi wakajenga juu yake kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Tabibu akae na mwanachuoni mara moja, ngazi iandikwe, na tangu siku hiyo isibadilishwe kwa maombi ya mgonjwa.

Hapa Kenya, kazi ya ushauri nasaha na saikolojia ina sheria yake tangu mwaka 2014, na anayeifanya hutakiwa awe amesajiliwa. Kwa hivyo hatusemi kwamba maalimu wa chuo ajifanye tabibu baada ya kulisoma somo hili. Lakini maalimu na imamu wamo katika matibabu wapende wasipende, kwa kuwa mwenye wasiwasi atawajia wao kabla ya kwenda hospitali, tena atawajia jioni, na asubuhi yake tena, na swali lile lile alilolibadilisha neno moja. Imamu hudhani ni thawabu kumjibu kila mara. Sisi twamuomba amjibu mara moja, jawabu kamili lenye dalili yake. Akirudi, amwambie: "Mwanangu, hili nimekwisha kukujibu, wala sitakujibu tena, si kwa kukuchukia. Kaa hapa nami mpaka adhana, tuzungumze mengine." Kisha azungumze mengine kweli: habari za soko, habari za watoto, samaki wa leo. Mgonjwa atakaa hali ana dhiki, atautazama mlango, atalifungua swali kwa upande mwingine. Imamu aendelee na samaki.